Kitabu Kilichoanza na Sura ya Saba

Saa nne asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Februari 1995, vitabu vilikuwa vikipimwa, kwa wiki ya pili sasa, kwenye mizani ya viazi nyuma ya duka la vitabu la shirika la umma mjini Arusha. Shirika lilikuwa linafungwa. Aliyenunua jengo alitaka kuuza televisheni ndani yake, na vitabu havikuwamo katika mpango huo. Wapagazi walivitoa kwa makumbatio, wakavimwaga kwenye sahani ya mizani, karani akasoma uzito kwa sauti, na Abdulrahim, mnunuzi wa mzigo wote, akaitikia "sawa" kila mara bila kuitazama mizani.

Mwalimu Anande alisimama kando, mkoba begani, akisubiri wamalize. Alifundisha Historia katika shule moja ya sekondari mjini, na alimfahamu Abdulrahim kwa sababu kibanda chake cha Kaloleni ndicho pekee kilichokuwa na vitabu ambavyo wizara ilisema vimekwisha.

"Mwalimu! Na wewe umekuja kununua elimu kwa kilo?"

"Natafuta Historia ya Kidato cha Pili."

"Umechelewa. Historia nimewapa wauza bagia wa stendi. Inanyonya mafuta vizuri sana. Siasa ndiyo hainyonyi, karatasi yake ngumu."

"Na hivi?"

Alionyesha bunda lililofungwa kwa kamba ya katani. Halikuwa limefunguliwa ila pembeni, mahali palipochomolewa nakala chache.

"Hivyo achana navyo," alisema Abdulrahim. "Nilimpa muuza karanga mmoja nakala tatu, kesho yake akanirudishia zilizobaki. Anasema wateja wanamaliza karanga, wanasoma karatasi, halafu wanarudi kumuuliza ikawaje. Yeye atajuaje ikawaje? Mmoja nusura amzabe kofi."

"Kina nini ndani?"

"Mimi nimesoma mpaka pale maiti anapoomba chumvi. Nikajiambia, Abdulrahim, una watoto, funga."

Anande alichomoa kimoja. Kilikuwa chembamba, karatasi yake ya rangi ya uji wa ulezi. Jina lake lilikuwa *Nyumba Isiyo na Jumanne*. Juu ya jalada kulikuwa na kiti kilichochorwa miguu juu. Nyuma, mahali pa picha ya mwandishi, palikuwa na mraba mtupu. Alikitia mkobani kwa sababu kilikuwa kitabu kipya na kilikuwa kinakwenda kufungia karanga. Hakuwa na sababu nyingine.

*

Nyumbani kwake Lemara hali ilikuwa hivi. Hans, mtoto wa kwanza wa Anande na mumewe Elirehema, alikuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya vito. Mwezi Desemba mvua za vuli zilizidi, maji yakaingia mashimoni. Hans hakuwamo miongoni mwa waliotoka, wala hakuwamo miongoni mwa waliotolewa. Habari zilizothibitika ziliishia hapo.

Tangu siku ile Anande alikuwa amekwenda kazini kila asubuhi. Alikuwa amesahihisha mitihani, amefua, amekwenda ibadani. Wanawake wa jumuiya walipokuja kulia naye, walilia wao, naye akawapikia chai. Mmoja alisema jikoni, akidhani hasikiki, kwamba Mama Hans ana moyo wa jiwe. Anande alisikia na hakuona la kusahihisha. Alipojigusa ndani, mahali ambapo kilio kilipaswa kuwa, alikuta pamekufa ganzi, kama fizi iliyodungwa sindano kabla ya kung'oa jino. Alingoja ganzi iishe. Haikuisha.

Elirehema, ambaye alikuwa fundi kwenye kinu cha kukoboa kahawa, alikuwa na desturi mpya. Kila jioni alikwenda getini, akasimama kidogo, kisha akatembea hadi kwenye mfereji, akasimama, kisha akarudi. Hakuwa anamngoja mtu. Alikuwa anatafuta pa kusimama.

Jumatano ya wiki ile ile, Elinami, kaka mkubwa wa Elirehema, aliteremka kutoka mlimani, kijijini kwao Poli. Alikunywa chai kwanza, yote, akageuza kikombe.

"Mama Hans, ukoo umekaa," alisema. "Tumepanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kaburi litakuwa kihambani, kwenye migomba ya ukoo, karibu na la baba. Tutaweka mgomba."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Mwili usiporudi, shina la mgomba hukatwa kwa urefu wa mtu, huvikwa blanketi, huzikwa badala yake. Hivyo ndivyo walivyofanyiwa vijana wa ukoo waliokwenda vitani Burma wasirudi.

"Mchungaji anasemaje?" aliuliza Anande.

"Mchungaji anasema mgomba haumo katika kitabu cha ibada. Anasema vilevile kwamba hawezi kumkataza mtu kufukia mgomba katika shamba lake. Atakuja tukiisha kuushusha, atatuombea. Anataka kitu kimoja tu: wasifu kamili. Amesema hivyo, kamili. Amezaliwa lini, amebatizwa lini, amefariki lini."

Hilo nalo halikuhitaji maelezo. Kwa miaka mingi wasifu wa marehemu katika usharika wao uliandikwa na Anande. Familia zilimletea vyeti na kumbukumbu zilizopingana, naye akazipanga: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, elimu, kazi, ndoa, kuugua, kufariki. Aliwahi kukataa kuandika kwamba mzee mmoja alikuwa baba wa watoto sita, mpaka familia ilipomtaja wa saba. Watu walimwogopa kidogo, lakini wakifiwa walimwendea.

"La mwisho sina," alisema.

"Andika siku ya mafuriko."

"Siku ya mafuriko ni siku ya mafuriko, shemeji."

"Sasa alifariki siku gani, kama si hiyo?"

"Kuna waliotokea shimo la jirani. Kuna waliokimbia, wakaonekana Babati baada ya mwezi. Sisemi yu hai. Nasema sina."

Elinami alimgeukia mdogo wake. "Elirehema, huyu uliyemwoa ni mama au ni mahakama?"

Kicheko kilimtoka Elirehema puani, kifupi, kikafa hapo hapo. Elinami alisimama, akachukua kofia yake.

"Sikiliza, Mwalimu. Bila wasifu Mchungaji haji, na wasipojua kwamba anakuja wazee hawatashusha kitu. Usipoandika wewe, nitamwambia katibu wa usharika aandike. Ataweka siku ya mafuriko na atasoma yeye. Chagua."

Alipoondoka, Elirehema alibaki akitazama kikombe kilichogeuzwa.

"Mimi siku sina haja nayo, Mama Hans," alisema. "Ningependa tu pawe na mahali. Mtu unakwenda, unasimama, unarudi."

Anande alielewa. Akiandika tarehe, atakuwa amemuua mwanawe kwa kalamu yake mwenyewe bila ushahidi. Asipoandika, ataandika mwingine, tena uongo. Na wote wakikataa, mumewe ataendelea kutembea kati ya geti na mfereji. Aliosha vikombe.

*

Alikisoma kitabu kesho yake, baada ya vipindi, katika chumba cha walimu.

Kilianza na Sura ya Saba. Ukurasa ulikuwa wa kwanza, namba ilikuwa pale chini, lakini sura ilikuwa ya saba. Ndani yake mtu asiye na jina anarudi nyumbani na chupa ya maziwa, mkewe anamwambia amechelewa, wanakula. Sura iliyofuata ilikuwa ya Pili, na humo mtu yule yule alikuwa anazikwa. Akiwa kaburini aliomba chumvi, na mwombolezaji mmoja akampa, kama mtu anayesogeza kibakuli mezani. Kisha ikaja Sura ya Tano, ambayo ilikuwa na kichwa peke yake. Kurasa nne zilizofuata zilikuwa nyeupe. Nyumba ya watu hao haikuwa na Jumanne. Walilala Jumatatu, wakaamka Jumatano, na aliyetoka Jumanne hakuna aliyeweza kusema alikokwenda, kwa kuwa siku yenyewe haikuwapo.

Anande hakushangaa. Alijua ugonjwa huo.

Miaka ile vitabu vya mashirika vilifika shuleni vimechanganyikiwa. Karatasi zilikunjwa na kukusanywa kwa mkono, na mikono ilikuwa michache na haikulipwa kwa wakati. Historia ya Kidato cha Tatu iliwahi kufika ikiwa na kilimo cha mahindi katikati ya Vita vya Majimaji, na mwanafunzi mmoja aliandika katika mtihani kwamba Wajerumani walishindwa kwa sababu ya kupanda bila nafasi. Kila Januari Anande alikaa na wembe, uzi na sindano ya gunia, akafumua vitabu vya darasa zima na kuvishona upya kwa mpangilio wake. Hakuna aliyemtuma. Hakuweza tu kufundisha kutoka kwenye kitabu kilichovunjika.

Kwa hiyo alikuwa na jibu kwa kila kasoro. Muswada ulianguka kwa mpiga chapa, ukakusanywa ovyo, ndipo namba zikawekwa. Kurasa nyeupe ni karatasi mbili zilizopita pamoja kwenye mashine. Kuhusu chumvi, aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: *Nani anasema hapa?*

Jumamosi alikata uzi, akatenganisha sura, akazipanga kuanzia ya Kwanza hadi ya Tisa, akashona. Ilikuwa kazi nzuri, mgongo ulikaa sawa. Kisha akasoma tena.

Kilikuwa kibaya zaidi. Katika mpangilio wa mwanzo mtu yule alirudi na maziwa, kisha akazikwa. Sasa alizikwa katika sura ya pili na kurudi na maziwa katika ya saba, na mkewe, ambaye alikuwa ametupa udongo kaburini, alimwambia tu kwamba amechelewa. Chumvi ilikuwa pale pale. Jumanne haikurudi. Anande alikishika kile kitabu alichokitengeneza kikaharibika, akakigeuza, akatafuta mahali alipokosea. Hakupaona.

*

Jumatatu alikwenda Kaloleni.

"Nibadilishie," alimwambia Abdulrahim. "Hiki kilijalidiwa vibaya."

Abdulrahim alikipokea, akapitisha kidole kwenye mshono. "Hiki hakikujalidiwa vibaya. Hiki kimefanyiwa upasuaji. Ni wewe?"

"Ni mimi. Nipe kingine."

Alimpa. Anande alifungua. Sura ya Saba. Akaomba kingine. Sura ya Saba, ya Pili, ya Tano, kurasa nne nyeupe. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kufungua bunda lote, moja baada ya jingine, huku wateja wakimruka. Vyote vilikuwa sawa. Hapo alisimamisha mkono.

Kosa la mkono halijirudii namna moja. Hilo alilijua kwa miaka ya sindano na uzi: vitabu vilivyovunjika vilivunjika kila kimoja kwa njia yake. Muswada huenda ulianguka mara moja, lakini karatasi mbili hazipiti pamoja mahali pale pale katika kila nakala; bunda zima likikosea vile vile, basi halijakosea.

"Wamekusudia," alisema.

"Nani?"

"Aliyeandika. Aliweka saba mwanzoni kwa makusudi. Kurasa nyeupe pia."

Abdulrahim alimtazama kwa huruma, kwa sababu habari za Hans alizijua. "Mwalimu, mtu mzima, ana wake na watoto, akae kitako akusudie maiti aombe chumvi?"

"Inaelekea hivyo."

"Hii ndiyo shida ya kufungua milango. Kila kitu kinaingia."

"Hiki hakikuingia. Tazama hapa. Kimepigwa chapa Dar es Salaam."

"Dar es Salaam!" Abdulrahim alimgeukia jirani yake, Mwanamkuu, aliyekuwa akipima ubuyu. "Umesikia, dada? Dar wana maiti wanaokula."

"Ndiyo maana kule hakuna chumvi," alisema Mwanamkuu bila kuinua macho.

Anande alichukua nakala moja nzima, akaondoka. Safari hii alikisoma kama kilivyo, bila wembe. Kulikuwa na mahali, katika Sura ya Nne, ambapo mara ya kwanza alikuwa amepita haraka akitafuta makosa. Mke wa mtu yule anazunguka kwa wote waliomwona mumewe kabla ya Jumanne. Hamuulizi mtu alikufa lini. Anauliza alikuwa ameshika nini. Mmoja anasema funguo, mwingine anasema mwavuli, wa tatu anasema mkono wa mtoto ambaye alikuwa hajazaliwa. Mke anarudi nyumbani na majibu hayo, anayapanga juu ya meza, na sura inakatika katikati ya sentensi.

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Anande aliipeleka mahali pa nukta, akaisimamisha juu ya karatasi, kisha akaifunga.

Kitabu hakikumfariji. Hakuwa hata na uhakika kama amekipenda. Aligundua jambo moja tu, nalo lilikuwa la kiufundi: kurasa nne nyeupe zilikuwa na namba. Zilikuwa zimehesabiwa kama nyingine zote, na baada yake kitabu kiliendelea.

*

Saruni alikuja Jumapili, baada ya ibada, kwa sababu Anande alimtumia ujumbe. Alikuwa kijana wa Oldonyo Sambu, mwenzake Hans wa kamba. Mmoja akishuka, mwingine alibaki juu. Tangu Desemba alikuwa ameulizwa na polisi, na wazee wa ukoo, na Anande mwenyewe, swali lile lile. Aliingia akiwa amekwisha kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, yeyo," alisema. Alimwita hivyo, kama wanavyowaita mama zao kwao.

"Marahaba, Saruni. Kaa vizuri, kiti hakiumi."

Alikaa kwenye ncha ya kiti. "Kama ni habari ya saa na siku, yeyo, nilishasema. Maji yalipoingia mimi sikuwa pale juu. Sijui alikuwa—"

"Sikuulizi hilo. Mara ya mwisho ulipomwona, alikuwa ameshika nini?"

Saruni aliinua macho. Elirehema, aliyekuwa mlangoni akielekea getini, alisimama.

"Chapati," alisema Saruni.

"Chapati gani?"

"Yangu." Alijipangusa viganja kwenye magoti. "Nilinunua mbili kwa yule mama wa pale juu. Moja nikala. Hans akatokea nyuma yangu akanyakua ya pili. Nikamwambia, wewe mwizi, nyie Wameru ndivyo mlivyo. Akaniambia, na wewe kwenu kuna ng'ombe wangapi ambao mama zao hamuwajui? Tukacheka. Akasema, tulia, nitakuachia nusu."

"Akaikata?"

"Hakuikata. Aliikunja mara mbili, akaitia mdomoni, akaishika kwa meno. Kamba inataka mikono miwili. Halafu akashuka."

"Alisema kitu chochote wakati wa kushuka?"

"Atasemaje, yeyo, na chapati mdomoni?"

Sauti ilitoka mlangoni. Elirehema alikuwa amejishika kwenye fremu, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Haikuonekana vizuri kama anacheka. Anande hakugeuka.

"Baada ya hapo uliona nini?"

"Niliona kofia yake mpaka ikapotea. Kamba ikawa inacheza. Ikicheza hivyo maana yake mtu anashuka vizuri. Nikaenda kutafuta betri za tochi. Mvua haikuwa imeanza."

"Rudia tena, tangu chapati."

Saruni alirudia. Maneno yalibadilika hapa na pale, mambo hayakubadilika. Anande aliridhika. Alikwenda jikoni akamletea wali na nyama, sahani kubwa, akakaa mbele yake mpaka alipomaliza.

*

Siku mbili kabla ya Jumamosi ya mazishi, Elinami alimfuata shuleni. Alimsubiri chini ya paa la maegesho ya baiskeli, kofia mkononi, mpole kuliko alivyokuwa nyumbani.

"Mama Hans, nina swali moja. Urefu wake. Tunataka kukata mgomba."

"Mita moja na sentimita sabini na nne," alisema Anande papo hapo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Desemba mtu kumuuliza juu ya Hans jambo alilokuwa nalo. "Nilimpima Pasaka, nilipomshonea suruali."

"Na viatu?"

"Bila viatu."

Elinami alifikiri. "Nitaukata uzidi kidogo. Mgomba husinyaa."

"Sawa."

"Na wasifu?"

"Nitasoma mwenyewe."

"Kamili?"

"Nitasoma mwenyewe, shemeji. Usimsumbue katibu."

*

Jumamosi kaburi lilikuwa limechimbwa kati ya migomba na mibuni, karibu na la babu yake Hans. Watu walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Vijana wa machimboni walisimama pamoja upande wa chini, Saruni kati yao, amevaa koti la kuazima. Wazee waliushusha mgomba ukiwa ndani ya blanketi jipya la bluu, kwa kamba mbili, polepole, kama mtu. Mchungaji alisubiri kwenye njia, nje ya uwanja, mpaka kamba zilipovutwa juu. Kisha akaingia, akamwinamia Elirehema, akafungua kitabu cha ibada, na kusema kwamba sasa watasikia wasifu.

Anande alisogea mbele. Karatasi ilikuwa moja, imeandikwa pande zote mbili.

Watu wa usharika walimfahamu. Walitega masikio wasikie tarehe ya kuzaliwa. Hawakuisikia. Wasifu ulianza Hans akiwa Darasa la Saba, mwaka aliofeli Hisabati na kumwambia mwalimu wake kwamba Hisabati ndiyo imemfeli yeye. Baada ya hapo ulirudi kwenye ubatizo, ambapo alilia mpaka mchungaji wa wakati ule akabatiza watoto wengine kwanza. Kisha suruali ya Pasaka. Kisha kuzaliwa, hospitali, siku ya Alhamisi, kilo tatu na robo. Kulikuwa na minong'ono. Mama mmoja alisema, "Amechanganya karatasi, maskini," na jirani yake akamwambia anyamaze, karatasi ni moja.

"Kuanzia Januari hadi Agosti mwaka tisini na tatu, alipoondoka nyumbani, sina habari zake," alisoma Anande. Akanyamaza kwa muda ambao mtu angeweza kufunua kurasa nne. Akaendelea.

Alisoma kazi yake ya machimboni, jina la mwenzake wa kamba, na asubuhi ya siku ile kabla ya mvua. Sauti yake ilikuwa ile ile ya darasani. Alisoma kuhusu chapati mbili, na nani alikula ya kwanza. Alisoma maneno ya utani kama yalivyosemwa, ya mwizi na ya ng'ombe, na upande wa vijana wa machimboni mtu mmoja alicheka kwa sauti, kisha akafunika uso kwa kofia. Alisoma, "Akasema: tulia, nitakuachia nusu."

Akageuza karatasi.

"Aliikunja chapati mara mbili, akaishika kwa meno, kwa sababu kamba inataka mikono miwili. Akashuka. Kofia yake ilionekana, kisha haikuonekana. Kamba ilikuwa inacheza."

Aliikunja karatasi.

Watu walingoja. Kuku alipita kati ya migomba akichakura udongo uliochimbwa. Elinami alisogea nusu hatua, akasema chini chini, "Mama Hans. Tarehe."

"Ndiyo mwisho," alisema Anande.

Mchungaji alimtazama. "Ni kamili, Mwalimu?"

"Yaliyopo yote yamo."

Mchungaji aliangalia kitabu cha ibada, mahali ambapo kidole chake kilikuwa kimeshikilia ukurasa. Elinami alifungua mdomo. Kabla hajasema, Elirehema alitoka mahali alipokuwa, akapita mbele ya kaka yake, akaenda hadi ukingoni mwa kaburi. Alivua kofia. Akasimama hapo.

Mchungaji akasema, "Tuombe."